Kikombe Alichokionja Bibi

Chupa ya maji siifungui kabla sijaisikiliza. Nazungusha kizibo taratibu, sikio karibu, nikisubiri ule mlio mdogo wa plastiki inapokatika. Usiposikika, maji yale nayamwagia miti. Wenzangu hospitalini walinicheka mpaka wakachoka. Nikawaacha. Wao wakinywa kitu kibaya wataendesha siku mbili, watapona. Mimi nikinywa kitu kibaya, nimekwisha.

Nieleze kwisha kwangu kulivyokuwa. Nilikuwa tabibu hapa Bariadi, mwenye diploma, yule ambaye wagonjwa humwita daktari na madaktari wenyewe humwita “dada wa chumba namba mbili”. Nilitaka kwenda chuo kikuu niwe daktari kweli. Nyumbani hakukuwa na wa kunisomesha. Nilichokuwa nacho ni miguu: nakimbia mita elfu moja na mia tano, na kwa mkoa wetu hakukuwa na mwanamke wa kuniona kisigino. Klabu moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeniahidi kwamba nikipita kwenye mchujo wa taifa, watanichukua niwakimbilie na wao watanisomesha udaktari. Sharti lilikuwa moja, mkojo wangu uwe safi. Ukikutwa na chembe ya dawa iliyokatazwa michezoni unafungiwa miaka, na klabu haikujui tena.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kawaida, mwenye mashaka ya kawaida. Kilichoniharibu ni semina ya Mwanza. Mtoa mada, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kufundishia katekisimu, alisimama mbele yetu akasema kilichomo mwilini mwako ni chako, hakuna cha “nilitiliwa”, hakuna cha “nilipewa na shangazi”. Wanariadha wengine walicheka kwa sababu ya shangazi. Mimi sikucheka. Nilirudi Bariadi nikiwapanga watu wote ninaowajua kwenye foleni, nikimwangalia mmoja mmoja mkononi ameshika nini.

Wa kwanza alikuwa kocha wangu, mwalimu wa michezo wa sekondari, ndiye aliyeniokota nikiwa kidato cha pili ninakimbia peku. Mtu mkarimu kupindukia, na mimi mkarimu kupindukia namwogopa. Siku moja alikuja uwanjani na kopo la unga wa nguvu lenye maandishi ya lugha ambayo hata herufi zake sizijui.

“Koroga na maji, kunywa,” akasema.

“Kuna nini ndani?”

“Wewe kunywa, mambo ya kuuliza baadaye.”

Sikunywa. Alininunia wiki nzima, akawa ananipigia filimbi kwa hasira kama trafiki. Nami nikajisemea kwamba kama kocha anaweza kuniletea kopo lisilosomeka, basi hakuna mtu wa kuaminika katika mkoa huu wa Simiyu, kuanzia Nyashimo mpaka Meatu.

Kasoro bibi. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Nilikuwa naishi kwa bibi yangu mzaa mama, pembeni mwa mji, kwenye boma lenye ua wa minyaa na ng'ombe wawili. Alizaliwa Lingeka, akaolewa huku, akazaa watoto wanne. Wote wanne waliondoka. Mama yangu yuko Mbeya na mume wake wa pili, anakuja kwenye misiba. Wengine nao wanakuja kwenye misiba, na misiba yenyewe siku hizi wanatuma rambirambi kwa simu. Bibi alibaki na mimi, ng'ombe, na jiko lake la mafiga matatu ambalo alilichochea kwa mabua ya pamba na samadi kavu miaka yote. Ule moshi ulimharibu macho. Yalikuwa mekundu, yenye machozi wakati wote. Mimi tabibu nayajua macho yale ni ya moshi, nilimpa dawa ya kupaka akaipaka mara moja akasema inawasha. Lakini huku kwetu macho mekundu ya bikizee anayeishi peke yake yana maana nyingine kwa watu, na maana hiyo kila mtu anaijua hata kama hasemi. Nimewahi kupokea bibi wa namna hiyo zamu ya asubuhi, ameletwa na mwanawe kwenye mkokoteni. Jinsi alivyokatwa sitaki kueleza.

Kila siku asubuhi nilikuwa nakimbia barabara ya Maswa kabla ya zamu, nikipita kinu cha pamba, nikiamkiana na wanaokwenda mashambani: “Mwangaluka!” “Mwangaluka, mhola?” “Mhola duhu!” Nikirudi, bibi ameshaniwekea kikombe cha maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu chake. Kibuyu kile alikifukiza kwa kijinga cha moto, kwa hiyo maziwa yake yana harufu ya moshi ambayo nimeijua tangu sijaota meno.

Basi siku ya mnada nilikuwa natoka kazini nikamwona bibi upande wa wauza mbuzi, ameinama na mzee mmoja mwenye shanga shingoni. Mzee akampa kitu kwenye nailoni. Bibi akakifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayevuka barabara. Kwenye kapu alilotoka nalo nyumbani na jogoo ndani, jogoo hakuwemo tena.

Kesho yake maziwa yalikuwa na uchungu.

Si uchungu wa kuharibika, huo naujua. Uchungu ulikuja mwishoni, nyuma ya ulimi, baada ya kumeza. Nilishusha kikombe.

“Bibi, umetia nini kwenye maziwa?”

“Maziwa,” akajibu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilizunguka nyuma ya zizi nikajitapisha kwa vidole viwili, ng'ombe wananitazama. Huku kwetu mtu haendi kwenye shindano mikono mitupu. Ngoma zinapochezwa baada ya mavuno, kundi hili na lile uwanja mmoja, hakuna anayeingia bila kuchanjwa au kunyweshwa kitu cha kuvuta watazamaji. Babu yangu alikuwa mchezaji wa ngoma hizo. Kwa bibi, mjukuu kwenda kushindana Dar es Salaam bila dawa ni sawa na kumpeleka uchi. Nilimwelewa kabisa, na nilimwogopa kwa sababu nilimwelewa. Mzizi ni mzizi, hauandikwi kilichomo. Nani angenihakikishia?

Kuanzia siku hiyo nikasema tumbo linanisumbua. “Tumbo gani hilo linakataa maziwa na halikatai kukimbia?” bibi akanitania. Nikanunua jiko dogo la gesi, nikaliweka chumbani kwangu, nikawa napika ugali wangu, nakunywa maziwa ya pakiti niliyoifungua mwenyewe. Boma moja, vyungu viwili. Mjukuu anapika chake, bibi anapika chake, na ua wetu wa minyaa una matundu ya kutosha.

Bibi hakunigombeza. Siku ya tatu au ya nne alinijia na kikombe, akasimama mbele yangu, akanywa funda moja yeye mwenyewe, akameza ninaona, kisha akaninyooshea. Ndivyo anavyofanyiwa mgeni anayepewa pombe mahali asipojulikana, mwenyeji anaonja kwanza kumwonyesha kwamba hakuna sumu. Mjukuu haonjewi. Nilijua alichokuwa ananiambia. Lakini kichwa changu cha semina kilifanya hesabu zake: kuonja kunathibitisha kwamba si sumu, hakuthibitishi kwamba haimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Nikasema, “Asante bibi, nimeshiba.” Alikionja kikombe kile kila asubuhi, na kila asubuhi nilikikataa, hapo uani, mchana kweupe.

Sasa, mimi najisifu kwamba hakuna kinachonipita. Na kweli niliona. Niliona jirani yetu, mama mwenye genge la nyanya, ameacha kuja kuomba kaa la moto kwa bibi. Niliona watoto waliokuwa wanakuja kula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, hawaji tena. Niliona wanawake kisimani wakinyamaza nikipita, na wakianza tena nikishapita. Nikayajumlisha yote vizuri sana nikapata jibu: ni kaptula yangu. Nilikuwa nimeletewa kaptula mpya ya mbio, fupi, ya kubana, na nilijua tu watasema. Nikawachukia mtaa mzima kwa ajili ya kaptula. Niliwapita nikikaza hatua makusudi.

Jibu la kweli lilinijia chumba namba mbili. Yule mama wa genge alimleta mwanawe wa miaka minne, anachemka kama chungu. Nikampima, kipimo kikaonyesha malaria, ile ya kawaida kabisa ya msimu wa mvua. Nikamwandikia dawa. Mama hakunyanyuka.

“Daktari, niambie tu ukweli. Sisi ni majirani.”

“Ukweli ndio huo, mama. Ni malaria.”

“Malaria kweli. Lakini imetumwa na nani?” Akasogeza kiti. “Wewe ulishajua mapema. Wewe damu yake huli kwake. Tumekuona unapika chako. Anakuonjea mbele ya macho yako, bado hunywi. Mwanangu alikuwa anakula michembe pale. Ningejua kama wewe, nisingemruhusu.”

Nikamwambia hapana, si hivyo, hebu nisikilize. Nikamweleza yote: riadha, mkojo, orodha ya dawa, semina ya Mwanza, kwamba mkimbiaji hatakiwi kupokea chakula asichojua kilichomo hata akipewa na mama yake mzazi. Alinisikiliza kwa makini sana, mtoto amelala begani.

“Kwa hiyo hata serikali inajua,” akasema polepole, “kwamba mtu wako wa nyumbani anaweza kukutilia kitu.”

“Sikusema hivyo!”

“Lisemwalo lipo, daktari. Na wanaume wanalikalia. Jumapili sungusungu wana kikao.”

Akaondoka na dawa zake. Mimi nilibaki nimeshika kile kipimo. Sungusungu ni walinzi wetu wa mtaa, wana pinde na marungu, na mara nyingi kazi yao ni wezi wa ng'ombe. Kikao chao kikimjadili bikizee, heri wamtenge, wasimpe moto wala maji wala salamu. Hiyo ndiyo adhabu nyepesi. Nyingine haipitishwi kikaoni, inapitishwa na vijana wawili wenye panga. Niliogopa mpaka nikashindwa kumwita mgonjwa anayefuata. Na wakati huo huo, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nina hasira na bibi. Kama asingekwenda kwa yule mzee wa shanga, ningekunywa maziwa yangu na hakuna ambaye angeona kitu.

Jumamosi ilikuwa zamu ya bibi kupokea jumuiya. Sisi Wakatoliki jumuiya yetu inazunguka nyumba kwa nyumba, mnasali, mnashirikishana Neno, kisha mwenye nyumba anatoa chochote. Nilijua watakuja. Kutokuja ni kutangaza, na watu wa kwetu hawatangazi. Watakuja, watasali, watamsalimu kwa adabu, na hawatagusa chakula. Hapo kikao cha Jumapili kitakuwa kimeshakwisha kabla ya kuanza. Na Jumapili asubuhi mimi nilikuwa na basi la kwenda kwenye mchujo.

Ijumaa jioni bibi alipokwenda kukamua, niliingia jikoni kwake nikapekua. Ile nailoni nilikuta imechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mafiga, tupu, na vumbi la kahawia kwenye kona. Nikainusa. Ilinuka udongo. Miaka yangu mitatu ya utabibu haikuniambia lolote zaidi ya hapo. Kibuyu kilikuwa kimejaa, kinasubiri wageni, na mimi sikujua kama vumbi lile limo humo au liliisha siku ile ya kwanza. Ningeweza kumwuliza tena. Angejibu “Maziwa.”

Walikuja kama nilivyojua, wanawake kumi na kitu na wazee wachache, wakakaa kwenye mikeka kivulini mwa nyumba. Kocha naye alikuwepo, alikuja kuniletea tiketi yangu. Tukasali rozari. Somo lilikuwa la upendo, na lilisomwa na yule mama wa genge kwa sauti nzuri. Kisha bibi akaleta matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye ungo na kibuyu cha maziwa, na vikombe vya bati. Akamimina. Akaweka kimoja mbele ya kila mtu. Akarudi nyuma, akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja akasema amefunga. Mwingine akasema maziwa yanamtia gesi. Mama wa genge aliinamisha kichwa akawa anakunja kanga yake pindo kwa pindo. Bibi alituangalia kwa yale macho yake mekundu, akanyanyuka, akachukua kikombe cha karibu akakipeleka mdomoni, aonje. Aonjee mtaa mzima, pale kwake.

“Hapana, bibi,” nikasema. “Lete.”

Kocha alikuwa nyuma yangu. Akaniminya kiwiko. “Umechanganyikiwa?” akanong'ona. “Kesho unasafiri! Hujui kuna nini ndani!” Yeye, mwenye kopo lisilosomeka.

Nilikipokea kikombe kabla hakijafika kwenye midomo ya bibi. Nikanywa. Nilikuwa na kiu ya wiki nyingi, na yalikuwa na ule moshi wake, na nyuma ya ulimi, mwishoni, ulikuwepo uchungu. Nikajua. Nikamaliza kikombe, nikakigeuza kila mtu akione kitako chake, nikasema kwa sauti, “Bibi, ongeza.” Akaongeza. Nikanywa na cha pili. Machozi yalinitoka, wakadhani ni kupaliwa. Nilikuwa naiaga shahada yangu ya udaktari.

Wa kwanza kunifuata alikuwa mzee mmoja mwenye njaa zake, alichukua matobolwa mawili pamoja. Kisha akafuata yule mwenye gesi. Yule aliyefunga aliendelea kufunga, siku zote wapo. Mama wa genge alikuwa wa mwisho. Alinitazama mimi, akatazama kikombe changu kitupu, akanywa funda moja dogo, akafuta mdomo. Kisha akamwambia bibi, “Mayu, mama yangu, una kaa la moto? Langu limezimika.” Bibi akaenda kumletea. Kikao cha Jumapili, nilikuja kusikia, kilizungumzia wizi wa pampu ya maji.

Kwenye mchujo nilishika nafasi ya pili, na ya pili ilitosha. Sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa bado nahema nilipoguswa bega na mwanamke mwenye kitambulisho shingoni, akanifuata hatua kwa hatua mpaka msalani, akasimama kunitazama ninavyojaza kile kichupa. Chupa ile niliichagua mwenyewe kwenye boksi, na nilisikiliza kizibo chake. Tulipokaa mezani akauliza kama siku za karibuni nimetumia dawa au kirutubisho chochote.

“Maziwa ya bibi,” nikasema.

Akacheka. “Hayo tunakunywa sote, dada.”

Klabu ilinibakiza kambini mpaka majibu yatoke. Nilikimbia, nilikula, sikulala vizuri. Kila simu ikilia nilijua ndiyo hiyo, wananiita wanifukuze kwa adabu. Simu ilipokuja kweli, mtu wa klabu alisema maneno machache kuhusu usajili wa chuo, kana kwamba kuhusu mkojo hakukuwa na swali kabisa. Nikamwuliza mara tatu. Alikereka. Mkojo ulikuwa safi.

Nikarudi Bariadi kuacha kazi kwa utaratibu na kufunga vitu vyangu. Nilimkuta bibi uani anapeta choroko, na mtoto wa mama wa genge pembeni yake anatafuna michembe. Begi langu tupu nililiweka kizingitini. Tukaamkiana kirefu. Kisha akauliza bila kuinua macho:

“Wale wapimaji. Walikuta nini?”

“Hawakukuta kitu, bibi. Safi kabisa.”

Ungo ukasimama. “Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Akasonya. “Basi yule mzee wa mnadani kanila jogoo wangu bure.”

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi. “Kwa hiyo ulitia.”

“Nilitia, gete. Kweli kabisa.”

“Bibi! Ungeniharibia kila kitu. Dawa ya mbio ya nini, mimi si nakimbia mwenyewe?”

“Nani kasema ya mbio?” Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. “Miguu mnayo wote. Sijazaa aliyeshindwa kuondoka. Nilimwomba ya kurudi.”

Yule mtoto akatafuna. “Lakini si nimerudi, bibi,” nikasema mwishowe.

Akatazama lile begi kizingitini. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe.

“Umekuja kuchukua nguo,” akasema, akanikabidhi bila kukionja.